Joto Humwendea Nani

Petroli huanza kuchemka mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Maji husubiri mpaka nyuzi 100. Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, na vile vyepesi zaidi huanza kugeuka mvuke karibu na nyuzi 40, huku vizito vikivumilia hadi karibu nyuzi 200. Mchana wa Februari hapa Dar es Salaam, kivulini, hewa yenyewe iko nyuzi 32 au 33. Maana yake ni kwamba petroli iliyomo ndani ya gari la zamani la kabureta hushinda kutwa ikiwa imebakiza hatua chache tu ichemke, na kinachoisukuma hatua hizo ni bomba la ekzosi.

Mjomba wangu ana Datsun 120Y. Wasomaji wa rika langu huenda wameiona kwenye picha za harusi za wazazi wao: gari dogo la Kijapani la miaka ya 1970, taa mbili za mviringo, injini ya sentimita za ujazo 1,171. Katika injini hiyo kabureta na ekzosi vimekaa upande mmoja, kabureta juu, ekzosi chini, kama sufuria na jiko. Gari likikimbia kwenye barabara ya Bagamoyo alfajiri, upepo unaoingia mbele hupunguza mambo. Shida huja kwenye foleni, na huwa kubwa zaidi gari likizimwa. Feni imesimama, maji hayazunguki, lakini chuma bado kina moto wake wote, na moto huo unapanda juu. Kwa dakika kumi au ishirini baada ya kuzima, kabureta huwa ya moto kuliko ilivyokuwa safarini. Ukiingia dukani kununua mkate na kurudi, stata inalia na injini haijibu. Mjomba husema gari limesusa, na kwa kweli hakuna neno linalofaa zaidi.

Ninasoma shahada ya uzamili katika falsafa, upande wa maadili, na mwaka huu kuna swali moja la darasani ambalo nimelifikiria zaidi nikiwa nimeinamia boneti ile kuliko nikiwa maktaba. Swali ni hili: kumkinga mtu na madhara, na kuyahamishia madhara hayo kwa mwingine, ni mambo mawili au ni jambo moja lenye majina mawili?

Tuanze na hesabu, kwa sababu bila hesabu swali hili hugeuka maneno matupu. Ukichoma lita moja ya petroli katika injini ya aina hii, takriban theluthi moja tu ya nishati yake, na mara nyingi pungufu ya hapo, ndiyo inayofanya kazi ya kuzungusha magurudumu. Theluthi nyingine huchukuliwa na maji ya rejeta. Inayobaki hutoka na moshi, na moshi huo huingia kwenye manifoldi ukiwa na nyuzi 600 au 700, na injini ikibanwa mlimani huzidi 800. Hakuna fundi, awe bingwa kiasi gani, anayeweza kuifuta theluthi hiyo. Kanuni ya kwanza ya thamodinamiki haina msamaha: nishati haipotei. Kwa hiyo maneno “kuzuia joto” yanayoandikwa kwenye paketi za vifaa vya magari yana uongo kidogo ndani yake. Joto halizuiwi, linaelekezwa. Kila kifaa kinachouzwa kwa jina hilo ni kibao cha njia chenye mshale, na mtu hana budi kuuliza mshale unaelekea kwa nani.

Kilichonishangaza nilipoanza kusoma habari hizi ni kwamba waliounda magari mengi ya wakati ule walilitaka joto la ekzosi palepale lilipo. Asubuhi ya baridi kali petroli haigeuki mvuke. Hunata kwenye kuta za manifoldi kama matone ya umande, na injini hukohoa. Basi wakapitisha moshi wa moto chini ya sakafu ya njia inayopeleka mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye injini, na baadhi wakaweka kilango kidogo chenye springi ya metali mbili, kinachofunguka na kufunga kwa kuhisi joto lenyewe. Kwa mtu anayewasha gari Hokkaido mwezi wa Januari, huo ni upendo wa mhandisi kwa dereva. Gari hilohilo likishushwa bandarini Dar es Salaam, upendo uleule unamfanya mjomba asukumwe na vijana wawili wa bodaboda mbele ya watu. Augustino wa Hippo aliwahi kushikilia kwamba uovu hauna dutu yake yenyewe, kwamba ni upungufu wa wema. Sina hakika kama naafikiana naye kuhusu binadamu. Kuhusu manifoldi, yuko karibu na ukweli: hakuna joto baya, kuna joto lililofika mahali lisipotakiwa.

Dawa za tatizo hili ni nyingi, na nyingine zina umri kuliko mimi. Ya kwanza ni kitambaa kilicholowa. Dereva hubeba chupa ya maji, gari likisusa anafungua boneti, anaweka kitambaa juu ya pampu ya petroli na kumwagia maji. Maji yanapokauka huondoka na joto, na baada ya muda gari linawaka. Ni dawa ya kweli kabisa, ila hudumu kwa muda ule tu ambao kitambaa kimelowa. Ya pili ni vibanio vya nguo, vile vya mbao, vinavyobanwa kwenye bomba dogo la petroli. Wazee wanaoviamini husema mbao huvuta joto. Mjomba ana sita, vimepangwa kwa nafasi sawa kama ndege kwenye waya wa umeme. Sijaona fizikia itakayovitetea kwa nguvu, na sijathubutu kumwambia.

Ya tatu ni kuvilisha bomba nguo. Siku hizi kuna mikanda iliyofumwa kwa nyuzinyuzi za kioo au za jiwe la basalti, inayozungushwa kwenye ekzosi kama bandeji kwenye mguu. Inafanya kazi. Moshi hubaki na moto wake, hutoka kwa kasi, na chini ya boneti hupoa kiasi cha kuhisi kwa mkono. Lakini tazama mshale. Joto ambalo lingetoka kwenye ngozi ya bomba sasa limefungiwa ndani, na bomba lenyewe linakuwa la moto kuliko lilivyokuwa uchi. Mvua ikinyesha, mkanda unanyonya maji na kuyashikilia kwenye chuma. Bomba la chuma cha kawaida lililofungwa hivyo huoza na kupasuka mapema, na huoza kwa siri, maana kilichofungwa kimependeza na hakuna anayekiona kinavyougua. Mafundi wengi wamewahi kufungua bandeji nadhifu na kukuta chini yake kutu inayomomonyoka kama biskuti. Nafikiri kuna familia zinazoendeshwa kwa mtindo huu, ambamo mtu mmoja hufungiwa ndani joto la wote ili sebule ipoe, lakini hayo ni ya siku nyingine.

Ya nne, ninayoipenda mimi, ni ngao ya bati. Unakata bati, la aluminiamu ukilipata, unalipinda, unalifunga kati ya ekzosi na kabureta bila kuligusisha na upande wowote. Ile nafasi tupu ndiyo dawa. Sehemu kubwa ya joto la manifoldi husafiri kwa mnururisho, kama joto la jua, na mnururisho hauongezeki polepole. Josef Stefan na Ludwig Boltzmann waliionyesha kanuni yake katika karne ya 19: huongezeka kwa kipeo cha nne cha halijoto, ukihesabu kuanzia sifuri halisi. Bomba la nyuzi 600 halitoi mnururisho mara mbili ya bomba la nyuzi 300. Hutoa zaidi ya mara tano. Bati linalong'aa hurudisha sehemu kubwa ya mnururisho huo, na hewa inayopita nyuma yake huchukua kinachobaki, mradi hewa hiyo ina mahali pa kutokea. Ndiyo maana wengine huinua boneti kidogo kwa nyuma, au huikata matundu. Mshale wa ngao unaelekea angani. Si kwamba haumgusi mtu: kwenye foleni ya barabara ya Morogoro, joto hilo humwendea dereva wa pikipiki aliyesimama ubavuni, na mama anayeuza karanga kati ya magari. Ni kidogo, lakini si sifuri.

Mwenzangu mmoja wa darasani, aliyesikiliza maelezo haya yote kwa uvumilivu, alisema nimethibitisha hoja yake. Kwake yeye kila kinga ni uhamisho. Ukijenga ukuta wa bahari mbele ya hoteli, wimbi linakula ufukwe wa jirani. Ukichimba mtaro mbele ya nyumba yako, mafuriko yanafika haraka kwa aliye bondeni. Kwa hiyo, akasema, kuuliza “humwendea nani” ni hisia tu; tuulize jumla. Jumla ya madhara ikipungua, tumefanya vema. Ikibaki ileile, tumecheza.

Hoja hiyo ina nguvu, na gari linaiunga mkono kwa sehemu. Ngao ya bati ni bora kuliko bandeji kwa sababu hiyohiyo ya jumla: joto likitawanywa angani linapungua makali hata haliwezi kuchemsha chochote. Nusu ya uhandisi mzuri ni kutawanya. Lakini jumla haioni tofauti kati ya bati na mtu. Bati likibeba nyuzi 300 halidhulumiwi. Halina kesho inayoharibika. Na mara nyingi sana, njia ya kulipeleka joto kwenye kitu kisicho na uhai hupitia mikononi mwa mtu ambaye hatumhesabu, kwa kuwa yeye si abiria wala si dereva. Yupo chini ya gari.

Kwa miongo mingi, kitu kilichotumika duniani kote kufunga mabomba ya moto kilikuwa asbesto. Ni jiwe lenye tabia ya pamba: linafumwa, linasokotwa kamba, haliungui. Liliwekwa kwenye gasketi, kwenye bitana za breki, kwenye vitambaa vya ekzosi, na kwa upande wa joto lilifanya kazi bila lawama. Mshale wake ndio uliokuwa umefichwa. Jiwe hilo likichakaa hutoa nyuzinyuzi ndogo zisizoonekana, zinazoingia mapafuni na kubaki. Nellie Kershaw alisokota uzi wa asbesto katika kiwanda cha Rochdale, Uingereza, akafa mwaka 1924 akiwa na miaka 33, na mwajiri wake alikataa kulipa fidia. Kifo chake ndicho kilichowafanya madaktari waanze kuandika juu ya ugonjwa huo. Mwaka 1960, huko Afrika Kusini, J. C. Wagner na wenzake walieleza juu ya wagonjwa 33 wa mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, na karibu wote walikuwa na uhusiano na asbesto ya Rasi ya Kaskazini. Baadhi yao hawakuwahi kuchimba. Waliishi tu karibu na migodi. Ugonjwa huo huchukua miaka 20, 30, hata 40 na zaidi kujitokeza. Uingereza ilikamilisha marufuku yake mwaka 1999.

Miaka hiyo 40 ndiyo iliyolifanya swali langu kuwa gumu. Nilikuwa nimezoea kuwaza uhamisho wa madhara kama jambo la mahali, kutoka hapa kwenda pale. Asbesto huyahamisha kwa wakati. Humpa dereva wa leo miguu iliyopoa, na bili hupelekwa kwa kifua cha mtu mwingine baada ya nusu ya umri wake.

Mwezi Machi tulilipeleka gari gereji moja ya Tabata kubadilisha gasketi ya manifoldi, na nilitaka ngao ya bati ifungwe kwa safari hiyohiyo. Fundi alipolilaza jicho kwenye bomba linaloshuka kutoka manifoldi akakuta limefungwa kitambaa cha zamani, cheupe kilichogeuka kijivu, kimekazwa kwa waya. Kingo zilikuwa zimechanika na kutoa manyoya laini. Mjomba alikitambua kwa furaha.

“Hicho alikifunga fundi wangu wa kwanza, miaka ya themanini. Asbesto hiyo. Zamani vitu vilikuwa vya maana.”

Kijana wa gereji, ambaye ana miaka kumi na minane, alikuwa tayari amepiga magoti na brashi ya waya mkononi.

Nilimwomba asubiri. Niseme wazi kwamba kwa macho huwezi kuitambua asbesto; kitambaa cha kioo kikizeeka na kushika mafuta hufanana nayo, na jibu la uhakika hutoka maabara, chini ya hadubini. Ushahidi wetu ulikuwa kumbukumbu ya mjomba. Lakini kumbukumbu hiyo ilimtosha yeye kujivunia, kwa hiyo ilinitosha mimi kuogopa.

Tulibishana, kwa adabu, kama mtu anavyobishana na mjomba aliyemlipia ada. Na ni lazima nikiri kwamba hoja yake ilikuwa bora kuliko nilivyoitarajia.

“Mama,” akaniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu utoto, “kitambaa hiki kimekaa pale karibu miaka arobaini hakijamdhuru mtu. Wewe ndiye unayetaka kukigusa. Ukikigusa ndipo vumbi litakapotoka. Kiacheni.”

Wataalamu wenyewe husema kitu kinachokaribia hayo: asbesto iliyotulia, isiyovunjika, ina hatari ndogo kuliko ile inayosumbuliwa. Kama kitambaa kingekuwa kizima, ningenyamaza. Lakini kilikuwa kimeanza kunyonyoka, juu ya injini inayotetemeka, karibu na feni. Na kulikuwa na jambo la pili. Mjomba hataishi milele, na Datsun zina tabia ya kuishi kuliko wenye nazo. Siku moja gari litauzwa. Mwenye nalo mpya ataliingiza gereji nyingine, na kijana mwingine wa miaka kumi na minane atapiga magoti na brashi ya waya, na hatakuwepo mtu wa kumwambia asubiri. “Kiacheni” ya mjomba ilikuwa na mshale, na mshale ulielekea kwa kijana huyo ambaye pengine bado hajazaliwa. Kutokuwa na jina kwake ndiko kulikofanya uamuzi uonekane mwepesi.

Nilimwambia hayo. Akanyamaza. Fundi, aliyekuwa akisikiliza huku akifuta mikono kwa petroli, ndiye aliyeuliza.

“Huo ugonjwa unasema unakuja baada ya miaka mingapi?”

“Ishirini, thelathini. Hata arobaini, Mzee.”

“Mimi mwezi wa nane natimiza sitini na nne.” Akamgeukia kijana. “Wewe nenda ukale. Usirudi mpaka nikupigie.”

Nimeirudia kauli hiyo kichwani mara nyingi kuliko makala yoyote niliyosoma muhula ule. Alikuwa amefanya hesabu ya jumla, ileile ya mwenzangu wa darasani, lakini akajiweka yeye mwenyewe upande wa kutoa. Baada ya ajali ya kinu cha Fukushima mwaka 2011, wastaafu wa Kijapani wenye miaka zaidi ya 60 walijitolea kuingia kufanya kazi mahali pa vijana, wakitoa hoja hiyohiyo: mionzi ikichelewa kuleta saratani, itakuta sisi tumeshaondoka. Mawazo yale ya wahandisi wastaafu na ya fundi wa Tabata, ambaye sidhani kama aliwahi kusikia habari zao, yalikutana juu ya gari lililotoka nchi yao.

Hata hivyo hesabu yake ina matundu. Mtu wa miaka sitini na nne anaweza kuishi hadi tisini. Mapafu yake yameshameza vumbi la breki kwa miaka arobaini, na madhara ya asbesto hujumlishwa. Na kuna jambo ambalo hesabu ya umri hailisemi kabisa: gari halikuwa lake. Yule aliyepozwa miguu miaka yote hiyo alikuwa amesimama kando, saa mkononi, shati limepigwa pasi. Ikiwa tunagawa joto kwa haki, umri ni kigezo kimoja, na aliyefaidi ni kigezo kingine, na mimi naona hicho cha pili ni kizito zaidi. Anayelipwa kwa siku hukubali mambo mengi ambayo kukubali kwake hakuwezi kuyahalalisha. Nellie Kershaw naye alikuwa amekubali ajira.

Nilikwenda duka la rangi nikanunua barakoa mbili za mpira zenye vichujio vya duara, vilivyoandikwa P3. Zile za kitambaa za wakati wa korona, ambazo fundi alitaka kutumia, hazizuii vumbi la aina hii. Nilinunua mbili nikidhani moja ingekuwa ya akiba. Niliporudi, mjomba alikuwa amevua saa na kuiweka kwenye mfuko wa suruali. Akanyoosha mkono, akachukua moja, akaanza kuhangaika na mikanda yake. Sijui kama ilikuwa haki au ilikuwa aibu. Kwa watu wa umri wake na cheo chake alichokuwa nacho kazini, mambo hayo mawili hukaa chumba kimoja. Hakusema neno na mimi sikumuuliza.

Gari lilisukumwa nje, mbali na watu, upepo ukiwa nyuma yetu. Kazi yangu ilikuwa bomba la maji. Nililowesha kitambaa kwa maji yenye sabuni mpaka kikachuruzika, kwa sababu nyuzinyuzi zilizolowa haziruki, kisha nikarudi nyuma nikaendelea kurusha maji kwa umande mwembamba kutoka mbali. Fundi alikata waya, akakikunjua kitambaa kwa vipande vikubwa bila kukwangua. Mjomba alishika nailoni nzito chini yake kama mtu anayepokea mtoto. Ilichukua dakika ishirini na tano. Kilichobaki kwenye bomba kilifutwa kwa matambara yaliyolowa, na matambara yakafuata njia ileile, pamoja na maovaroli mawili ambayo mjomba aliyalipia. Nchi zenye sheria kali huwaachia kazi hii watu wenye leseni na mahema yao, na ninaona ni sawa. Sisi tulikuwa na gari lililofunguliwa katikati ya gereji iliyojaa vijana.

Chini ya kitambaa, nisisahau, bomba lilikuwa limeoza sehemu mbili. Likaunganishwa kwa welding.

Ngao ya bati ilifungwa kesho yake. Kijana ndiye aliyeikata, kutoka kwenye sufuria kubwa ya aluminiamu iliyopasuka, na aliacha nafasi ya upana wa kidole pande zote bila kuambiwa mara mbili. Gari sasa linasimama dukani na kuwaka tena, si kila mara, lakini mara nyingi. Mjomba hajaviondoa vibanio.

Imebaki ndoo. Vipande vyote vilizungushiwa nailoni mara mbili, vikafungwa kwa gundi ya karatasi ngumu na kuwekwa kwenye ndoo ya rangi ya lita ishirini yenye mfuniko. Njia rahisi ingekuwa kumpa kijana wa mkokoteni anayezoa taka mtaani, naye angeipeleka hadi inapokutana na lori, na lori lingeipeleka dampo la Pugu, ambako kuna watu wanaoishi kwa kufungua kila kitu kinachofunguka ili kupata chuma na plastiki ya kuuza. Ndoo nzuri yenye mfuniko ingefunguliwa siku hiyohiyo. Mjomba mwenyewe ndiye aliyekataa kabla sijasema. Ameanza kuulizia ofisi zinazohusika na taka hatari, ana daftari la namba za simu, na kila namba humpa namba nyingine.

Kwa sasa ndoo ipo stoo nyumbani kwake, nyuma ya matairi. Nimeandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito kilichomo ndani, tarehe, na kwamba isifunguliwe, kwa Kiswahili kikubwa ambacho hata mtoto wa darasa la pili anaweza kukisoma. Mkaza mjomba ameuliza mara mbili itaondoka lini, kwa sababu stoo hiyo ndiyo anamohifadhi unga na maharage ya wageni. Tumemwambia imefungwa vizuri, haina neno ikiwa haikuguswa. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa. Jumapili nilipokwenda nilikuta gunia la unga limehamishiwa jikoni, limebanwa kati ya friji na mlango, na kila anayepita inabidi apite kwa ubavu.